Miongozo ya Tiba ya Saratani ya Thairoidi na Mazingira ya Kilimanjaro

Utangulizi

Saratani ya thairoidi huanzia katika tezi iliyo mbele ya shingo na huwapata zaidi wanawake. Aina zake mbili kuu, papilari na folikula, hutibika vizuri zikiwahiwa. Kinachobishaniwa na wataalamu ni kiasi cha tiba: tezi iondolewe yote au upande mmoja, na nani apewe iodini yenye mionzi baada ya upasuaji.

Mjadala ulivyo

Mwaka 2009 mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani ulipendekeza kuondoa tezi yote kwa uvimbe wa saratani unaozidi sentimita 1. Toleo la 2015 lililegeza: uvimbe wa sentimita 1 hadi 4 usiotoka nje ya tezi waweza kutibiwa kwa kuondoa upande mmoja. Korea Kusini ilikuwa imetoa funzo, kwani upimaji wa ultrasaundi kwa watu wasio na dalili ulifanya kiwango cha wagonjwa wapya mwaka 2011 kiwe mara 15 ya kile cha 1993, na vifo havikupungua. Wataalamu wa tiba ya nyuklia wa Ulaya hawakuliidhinisha toleo hilo la 2015; waliona ushahidi wa pendekezo lake la kupunguza iodini haujatosha. Mwaka 2022 utafiti wa Ufaransa ulionyesha kuwa, kwa wagonjwa wenye hatari ndogo, kutopewa iodini hakukuleta matokeo mabaya zaidi katika miaka 3.

Mazingira ya Kilimanjaro

Katika miinuko kama ya Kilimanjaro mvua huosha madini joto (iodini) ardhini, ndiyo maana rovu limekuwa tatizo la muda mrefu katika nyanda za juu za Tanzania. Penye upungufu wa madini joto, sehemu ya saratani za folikula huwa kubwa zaidi. Kipimo cha sindano hakiwezi kuitofautisha folikula na uvimbe usio saratani. Lazima maabara ya patholojia ione kama seli zimepenya ganda la uvimbe au mishipa ya damu.

Hapo kuondoa upande mmoja huwa uchunguzi na tiba kwa pamoja. Wagonjwa wengi hubaki na homoni ya kutosha bila vidonge vya maisha, na hatari ya kalsiamu kushuka hupungua. Hasara yake ni kwamba kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hupoteza ukali, na iodini haifanyi kazi vizuri mpaka upande uliobaki uondolewe. Iodini yenyewe hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ndefu kwa mgonjwa wa Rombo au Machame anayetibiwa hospitali ya KCMC.

Mapendekezo

Kwa uvimbe mdogo usiotoka nje ya tezi, upande mmoja wa tezi uondolewe, mradi mgonjwa aweze kurudi kliniki. Uvimbe unaozidi sentimita 4, au uliosambaa, uondolewe pamoja na tezi yote na rufaa ya iodini iandaliwe mapema. Rovu linalokua haraka, gumu, au linalobadili sauti lipelekwe hospitali bila kusubiri.