Thomas More, Baba wa Nyumba
Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu na Wakristu katika sikukuu ya jubilei





Katika siku hizi za jubilei tumesikia habari nyingi za wamisionari waliotuletea Injili, na za mapadre na masista waliozikwa katika udongo wetu. Ni haki wakumbukwe. Lakini sisi waalimu wa dini tuna wake, na watoto, na mashamba yanayotaka jembe, na mara nyingi tukiisha kusikia habari za watakatifu twarudi nyumbani tukiulizana: Je, yuko mtu aliyefika mbinguni huku watoto wakipiga kelele mlangoni pake? Ndiyo sababu tulipoombwa kusema neno tulimchagua Thomas More wa London, mtu wa sheria, baba wa watoto wanne, tena mcheshi ajabu.

Alizaliwa mwaka 1478. Katika ujana wake alikaa karibu na watawa Wakartusi, akisali pamoja nao na kujipima nafsi yake kama ameitwa. Akaona njia yake si ile, akaoa. Mwaka 1505 alimwoa Jane Colt, wakapata mabinti watatu na mwana mmoja. Jane akafa mwaka 1511, na mkubwa wa watoto alikuwa mdogo bado, wa kama miaka sita. Upesi sana baba yao akamwoa Alice Middleton, mjane mwenye ulimi mkali na mikono hodari. Majirani walinong'ona juu ya haraka ile. Aliyebaki na watoto wanne wasio na mama atajua kwa nini hakungoja.

Kazi yake ilikuwa nyingi mno. Alitetea watu barazani, alikuwa hakimu mjini London, alitumwa ng'ambo kwa shughuli za mfalme, na mwaka 1529 Mfalme Henry wa Nane akamfanya Kansela, yaani mkuu wa mahakimu na mtunza mhuri wa ufalme. Husimuliwa kwamba siku moja aliisha kuamua neno moja akaagiza liletwe la pili, akajibiwa kwamba hakuna tena. Mashauri yote yamekwisha. Wenye kesi barazani na wacheke kidogo, kwa maana jambo hili ni adimu.

Sasa sikilizeni neno lililotugusa sisi. Mwaka 1516 alitoa kitabu chake kiitwacho Utopia, na mbele yake akatia barua kwa rafiki, akiomba radhi kwa kukawia kukimaliza. Anasema mchana kutwa yumo katika mambo ya watu, na akirudi nyumbani hana budi kuzungumza na mkewe, kuongea na watoto, kusemezana na watumishi. Mambo hayo ayahesabu kuwa kazi, kwa kuwa asiyeyafanya huwa mgeni nyumbani mwake mwenyewe. Waalimu wenzetu, tumelisoma neno hilo tukanyamaza. Sisi twarudi kutoka vigangoni tumechoka, twaketi, twaletewa maji na chakula, na watoto waambiwa, Nyamazeni, baba amechoka. Twahesabu kuongea nao kuwa mapumziko, na mapumziko hatuna nafasi nayo.

Yeye alipokuwa safarini aliwaandikia watoto wake mashairi kwa Kilatini, akayatunga juu ya farasi, mvua ikinyesha, farasi akinasa matopeni. Aliwakumbusha jinsi alivyowapa maandazi na matunda, na kwamba fimbo yake ya kuwapigia haikuwa ila mkia wa tausi. Mabinti wake aliwafundisha Kilatini na Kiyunani sawasawa na kijana wake, jambo lililowashangaza watu wa wakati ule. Margaret, binti wa kwanza, akawa mwanachuoni kweli. Alifasiri katika Kiingereza kitabu cha Erasmus juu ya sala ya Baba Yetu. Hatta leo wako wazazi wanaomwambia mwalimu kwamba binti atosheke na kusoma jina lake. Tuwaambie habari za Margaret.

Mwaka 1529 ghala zake za nafaka ziliungua pamoja na nafaka za majirani, naye hayuko. Akamwandikia Alice asihuzunike, aende kanisani na watu wote wa nyumba kumshukuru Mungu kwa alivyotoa na kwa alivyotwaa. Kisha aulize killa jirani maskini amepoteza nini, alipwe, ijapokuwa nyumbani hautabaki hatta mwiko.

Tena alipokuwa Kansela aliimba pamoja na waimbaji katika kanisa la Chelsea, amevaa kanzu nyeupe kama wao. Mkuu wa Norfolk alimkuta hali hiyo akamkemea: Kansela mzima amejigeuza kuwa mtumishi wa parokia! Anamvunjia heshima mfalme! More akajibu kwamba mfalme hawezi kuchukizwa na mtu anayemtumikia Mungu, aliye bwana wao wote wawili. Nasi tulio watumishi wa parokia twamshukuru kwa jibu lile.

Hatutaficha jambo moja. Katika siku za ukansela wake watu sita walichomwa moto kwa kuitwa wazushi, naye hakuona kwamba ni vibaya. Hilo latuhuzunisha.

Mfalme alipotaka kumwacha mkewe, Malkia Katarina, na kujifanya mkuu wa Kanisa katika Uingereza, More hakuweza kumfuata. Mwezi wa Mei mwaka 1532 akaurudisha mhuri. Sasa, desturi ya kanisani ilikuwa hivi: Misa ikiisha, mtumishi wa Kansela huenda mpaka kiti cha Alice kumwambia, Bibi, bwana mkubwa ameondoka. Siku ile akaenda More mwenyewe, kofia mkononi, akainama akayasema maneno yale yale. Alice akadhani ni mzaha, kama mizaha yake yote. Ikambidi amweleze kwamba ni kweli: bwana mkubwa ameondoka, na mshahara umeondoka naye.

Kisha akawakusanya watoto na wakwe zake, akawaambia kwamba maisha yao yatashuka ngazi moja moja, kama yeye alivyozipanda. Na wakifika chini kabisa, watatwaa mifuko ya ombaomba waende mlango kwa mlango wakiimba Salve Regina. Wakacheka, nadhani, na pengine wengine walilia.

Mwaka 1534 alikataa kiapo alichotakiwa, akafungwa katika Mnara wa London. Alice akaenda kumwona, akamwuliza kwa uchungu kwa nini akae na panya na hali anayo nyumba nzuri, na vitabu, na bustani. More akamwuliza, Je, nyumba hii haiko karibu na mbinguni sawasawa na ile yetu? Alice hakucheka. Alikuwa akiuza nguo zake apate shilingi kumi na tano killa juma za chakula cha mfungwa na mtumishi wake. Sisi twampenda More, lakini hapa tulisimama upande wa Alice. Mzaha humpumzisha anayeusema. Wakati mwingine anayeusikia amebaki na mzigo wote.

Margaret naye alikula kiapo, akamsihi baba yake afanye vivyo hivyo. Baba akamwita kwa mzaha Bibi Hawa, lakini asikubali, wala asiache kumpenda.

Tarehe 1 Julai mwaka 1535 alihukumiwa kufa. Alipokuwa akirudishwa Mnarani, Margaret alipenya katikati ya askari wenye mikuki, akamkumbatia mbele ya watu wote akambusu. Akaenda hatua chache, akarudi tena, akambusu mara ya pili.

Watu hupenda kusimulia alivyofanya mizaha na mwuaji wake tarehe 6. Sisi twapenda zaidi siku ya kabla yake. Alimwandikia Margaret kwa kipande cha mkaa, akamwambia kwamba hakupata kumpenda zaidi kuliko alipombusu mara ya mwisho, bila kujali macho ya watu. Akawatumia watoto wote baraka zake, killa mmoja kwa jina. Na Margaret mwingine, binti aliyemlea nyumbani mwake, wakati ule ameolewa na mganga Clement, akamrudishia kibao chake cha hesabu.