Supu ya Maharage na Majani: Damu Inaanzia Jikoni

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Tukuyu

Mugonile! Naona wengine mmeitikia vizuri na wengine mnacheka. Wanaocheka bila shaka ni wale waliotoka mikoa mingine kuja kusoma huku. Msijali, mtazoea. Baridi mtazoea, mvua mtazoea, na maharage mtayazoea pia.

Hapo kwenye maharage nimesikia miguno. Najua. Mwanafunzi wa bweni ukimwambia umekuja kuzungumza naye habari za maharage anakuona kama adui yake. Ugali maharage Jumatatu, ugali maharage Jumanne, Jumatano ukibahatika unapata wali, kwa maharage. Hata hivyo nimekuja kuyazungumza, na sababu ninayo.

Nikiwa kidato cha pili nilianguka mstarini asubuhi. Nilikuwa nimesimama na wenzangu, masikio yakaanza kuvuma, macho yakaingia giza, nikajikuta chini. Wiki nzima shuleni ilikuwa ni hadithi yangu. Kundi moja likasema nina mapepo. Kundi la pili, na hili ndilo lililoniliza, likasema nina mimba. Nilipopimwa damu ikakutwa gramu 8 kwa desilita, wakati msichana wa umri ule anatakiwa awe na 12 au zaidi. Mapepo hayakuwepo, mimba haikuwepo. Damu ndiyo haikuwepo.

Muuguzi aliyenihudumia hakunigombeza. Aliniuliza maswali matatu tu: siku zako zinatoka nyingi kiasi gani? Mboga za majani unakula? Chai unakunywa saa ngapi? Lile la tatu lilinishangaza sana, na nitalirudia.

Msidhani nilikuwa peke yangu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 45 walikuwa na upungufu wa damu. Ule wa mwaka 2022 ukakuta 42. Yaani chukua dawati lenye wasichana watano, wawili kati yao ndio hao. Dalili zake mnazijua ila mnaziita majina mengine. Mtu anasinzia darasani mnasema mvivu. Anapanda kilima kidogo anahema mnasema mzembe wa mazoezi. Anashindwa kukumbuka alichosoma jana mnasema kichwa kizito.

Na nyie wavulana mliojiegemeza huko nyuma, msifikiri mada hii haiwahusu. Mwili unaokua haraka unahitaji madini ya chuma kutengeneza damu. Halafu kuna minyoo ya safura, ambayo huingia kupitia nyayo mtu akitembea peku kwenye udongo wenye unyevu, kisha inakunywa damu tumboni kimya kimya. Na udongo wa Rungwe lini umekosa unyevu? Vaeni viatu shambani, tumieni choo. Malaria nayo hupunguza damu.

Sasa tuje kwenye sufuria. Chuma tunakipata kwenye nyama, maini, dagaa. Nani hapa anakula maini kila siku? Basi. Kilichopo ni maharage na majani, na humo chuma kimo, ila kina ubishi. Kile cha nyama mwili hukipokea kwa urahisi. Kile cha mimea mwili huchukua sehemu ndogo tu, nyingine inapita. Kwa hiyo kazi ya mpishi ni kukisaidia kile chuma kiingie. Ndiyo maana supu hii nakuelekezeni hatua kwa hatua, kila hatua na sababu yake.

Chukua kikombe kimoja kikubwa cha maharage, yanatosha watu wanne. Njano, kablanketi, mekundu, yoyote. Huku tuna bahati: wakulima wanalima, na kituo cha utafiti cha Uyole pale Mbeya kimetoa mbegu nyingi za maharage kwa ajili ya nyanda hizi. Chagua mawe, osha, loweka usiku kucha kwenye maji mengi. Asubuhi maji yale yamwage. Kuloweka kunapunguza kitu kilichomo kwenye ganda na ndani ya punje ambacho hukamata chuma kisiingie mwilini. Kunapunguza pia gesi tumboni, jambo ambalo wenzenu wa bwenini watawashukuru. Na mkaa unaokoa.

Weka maji mapya, vikombe sita, injika. Yakianza kuchemka yaache yatokote kwa nguvu kwa dakika kumi kamili kabla hujapunguza moto. Hili ni la lazima, hasa kwa maharage mekundu. Maharage mabichi yana sumu ya asili inayokufa kwa mchemko mkali. Yakipikwa kwa moto wa kubembeleza tu, nusu mabichi nusu yameiva, yanaweza kuwatapisha na kuwaharisha wote mliokula, ndani ya saa chache. Kwa hiyo yale maharage ya "yanalika hivyo hivyo bwana, tuna njaa", hapana.

Baada ya hapo punguza moto, funika, subiri. Mliotoka Dar es Salaam mtaona yanachelewa kuiva mpaka mtaanza kumlaumu muuzaji. Muuzaji hana kosa. Tukuyu ipo juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mnakumbuka fizikia: ukipanda juu mgandamizo wa hewa hupungua, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hapa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo maharage ya saa moja Pwani, huku ni saa moja na nusu, hata mbili kama ni ya msimu uliopita.

Wengine hapo ndipo hutia magadi ili yalainike upesi. Yanalainika kweli, lakini magadi huharibu baadhi ya vitamini, na moja kati ya hizo ni folati, ambayo nayo ni ya kutengenezea damu. Unapika damu kwa mkono wa kulia unaimwaga kwa mkono wa kushoto. Loweka tu. Nyanya nazo zisubiri: ukiziweka mapema ule uchachu wake unayafanya maharage yakatae kulainika.

Nitoke njiani kidogo. Wale mliopanga geto, najua mwezi wa sita na wa saba baridi inavyouma. Najua pia mnachofanya: jiko la mkaa linaingizwa ndani, maharage juu yake, mlango unafungwa, mtu anajifunika blanketi akisubiri yaive. Jamani! Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Inaingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni, na mtu analala moja kwa moja. Pikia nje au mlango na dirisha vikiwa wazi, na wakati wa kulala jiko libaki nje hata kama moto unaonekana umekufa. Kichwa kikianza kuuma na kizunguzungu ukiwa unapika, toka nje kwanza, maharage yaungue. Yakiungua utanunua mengine.

Haya, turudi. Maharage yameiva, ukibonyeza punje inapondeka. Kwenye sufuria nyingine kaanga kitunguu kimoja kwa vijiko viwili vya mafuta, weka karoti iliyokatwa, halafu nyanya mbili. Zikiiva mimina maharage na supu yake. Supu ile usiimwage! Nimeona watu wanamwaga supu wanabaki na punje, sijui wanafikiri ladha inakaa wapi. Chukua upawa mmoja wa maharage, ponda kwa mwiko, rudisha. Ndiyo inafanya supu iwe nzito. Ukiwa na kiazi mviringo kimoja au viwili, katia humo, huku si tunavilima? Chumvi kidogo.

Sasa majani. Fungu moja la kutosha: majani ya maboga, chainizi, sukuma wiki, mnavu, chochote kilichopo bustanini au sokoni. Majani ya maboga yatoe zile nyuzi zake kwanza. Osha yakiwa mazima, ndipo ukate. Ukikata kwanza ukaosha baadaye vitamini zinaondoka na maji. Viazi vikishaiva, tia majani, koroga, dakika tatu hadi tano tu, epua. Yawe bado ya kijani. Mboga iliyogeuka rangi ya kaki kama sare ya mgambo imepikwa mara mbili ya inavyotakiwa.

Hapo watu wengi hudhani wamemaliza, kumbe kile chuma bado kinabisha hodi. Kinachofungua mlango ni vitamini C. Kamulia limau au ndimu kwenye bakuli lako, wakati wa kula, siyo jikoni, maana moto mrefu unaiharibu. Huna limau? Kula pera. Mapera yanaoza chini ya miti huku wilayani kwetu, na pera lina vitamini C kuliko chungwa. Kipande cha parachichi pembeni nacho ni kizuri, mafuta yake yanasaidia mwili kupokea vitamini A ya karoti na majani. Kula na ugali, kula na mbalaga ya nyumbani, utakavyo.

Na anayefunga mlango ni nani? Chai. Hilo ndilo swali la tatu la yule muuguzi. Sisi tumezaliwa katikati ya chai. Ukitoka Katumba unaona kijani mpaka macho yanachoka, na chai ndiyo iliyowasomesha wengi wetu. Siisemi vibaya. Lakini ukiinywa pamoja na chakula, ule ukakasi wake unakamata chuma cha mimea, na kinachoingia mwilini kinaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Mimi nilikuwa nakula maharage na kikombe cha chai ya rangi mkononi, mchana na usiku. Kunywa chai, ila kaa saa moja au mbili kabla au baada ya mlo. Kahawa hali kadhalika. Na chakula kingi, maji yanatosha.

Mtu asitoke hapa akisema nimemwambia supu inatibu kila kitu. Mimi mwenyewe nilipewa vidonge vya chuma, nikavimeza miezi mitatu, na supu ilikuwa ikisaidia pembeni. Ukiona viganja na ndani ya kope vimepauka, moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi, au hedhi inazidi siku saba au inakulazimu kubadilisha kila saa, nenda zahanati ukapimwe. Kipimo ni tone la damu kidoleni. Usimeze vidonge vya rafiki yako.

Muda naona umekwisha, mwalimu wa zamu anaangalia saa. Nichukue maswali matatu. Wewe uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja magadi, simama, na usiniambie bibi yako anayatumia, kwa sababu hata wangu alikuwa anayatumia.