SAA MBILI ZA MAMA ANAYENYONYESHA

Maneno haya yalisemwa Kahama mbele ya akina mama wafanyakazi na waume zao. Tunayatoa kama yalivyosemwa.

  Sikuja kuhutubia ili nipigiwe makofi. Nimekuja kwa ajili ya saa mbili.

Saa mbili hizo ni zipi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, yasema kwamba mfanyakazi anayenyonyesha, mwajiri sharti amruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Haisemi mwajiri akipenda. Haisemi mama akibahatika kupata bwana mkubwa mwenye huruma. Wala haikutaja umri wa mtoto, almuradi ananyonya.

Nawauliza, ni wangapi hapa waliokwisha kuzitumia saa hizo? (Mikono mitatu ikanyoshwa.) Mitatu, na ukumbi umejaa.

Mimi mwenyewe zamani nilikuwa karani katika ofisi moja, sitaitaja. Nilipata likizo yangu ya siku 84, nikarudi kazini mtoto hajatimiza miezi mitatu. Ikifika saa nne asubuhi maziwa yamejaa, blauzi inalowa, nami nakaa nimekumbatia faili kifuani kama mtu anayeona baridi. Halafu naingia chooni nakamulia kwenye sinki. Chakula cha mwanangu kinakwenda na maji machafu, na mwanangu yuko nyumbani analishwa uji mwepesi. Sikujua sheria. Mkubwa wangu naye hakuniambia neno. Labda hakujua, labda alijua.

Sasa tufanye hesabu. Waganga watuambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila uji, bila hata maji. Siku 84 ni majuma 12. Aliyezaa pacha hupata siku 100, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yamemwongezea muda mama wa mtoto njiti. Lakini kwa mama wa kawaida miezi mitatu na zaidi inabaki mkononi mwake, na daraja la kuvukia miezi hiyo ni hizo saa mbili. Ukimnyima mama saa mbili umemlazimisha kumpa mtoto uji kabla ya wakati wake, na maji ya kuupikia uji huo mwayajua yanatoka wapi wakati wa kiangazi. (Ninyi waume mnaocheka, nanyi mna likizo yenu, si chini ya siku tatu. Msiitumie kilabuni.)

Yupo tajiri atakayesema haya ni mambo mapya ya kuharibu kazi. Si mapya. Mwaka 1919 Shirika la Kazi la Kimataifa, katika mkutano wake wa kwanza kule Washington, lilipitisha mkataba wa kumpa mama nusu saa mara mbili kila siku amnyonyeshe mtoto. Miaka zaidi ya mia imepita.

Lakini nisiwadanganye. Kifungu hicho chataja saa, hakitaji chumba. Dada anayefanya kazi katika mgodi mkubwa, Geita au Bulyanhulu, hupanda basi alfajiri na mtoto anabaki mjini. Saa mbili zitamsaidia nini, kama kwenda na kurudi tu kunazimaliza? Hapo ndipo chama cha wafanyakazi kinapotakiwa kuamka. TAMICO na NUMET hukaa mezani na waajiri kufanya mikataba ya hali bora, na humo yaweza kuandikwa kwamba mama atatoka saa mbili kabla ya wenzake, au apewe chumba safi chenye mlango na jokofu, akamue na kuhifadhi. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa muda wa saa nne tu nje ya jokofu, nalo joto la huku kwetu mwalijua. Mkienda kwenye mkutano wa chama msizungumze mshahara peke yake.

Wapo wengine ambao sheria hii haiwafikii vizuri. Akina mama vibarua wa viwanda vya kuchambulia pamba hapa mkoani huajiriwa msimu, na msimu ukiisha huambiwa kwaheri. Kwa kawaida mtu ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo, ingawa sheria yamtoa katika sharti hilo aliyeajiriwa kwa msimu. Tena sikilizeni vizuri: hata aliyefanya kazi kwa mwajiri yule yule zaidi ya mara moja katika mwaka, siku zake zikijumlishwa zikapita miezi sita, anayo haki. Kwa hiyo wekeni vipande vya karatasi mnavyolipiwa. Msivifungie karanga.

Na yupo mama wa machimbo madogo. Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, mwapafahamu. Kule wengi hawataki mwanamke ashuke duarani, wasema ataleta mkosi dhahabu ipotee. Basi yeye huachiwa kuponda mawe na kuosha mchanga, mtoto mgongoni. Kisha zebaki hutiwa kwa mikono mitupu na kuchomwa juu ya mkaa, pengine karibu na chungu cha mboga. Mvuke ule humwingia mama, na zebaki iliyomo mwilini mwa mama hupita katika maziwa. Mvuke ule ule mtoto huuvuta mwenyewe. Sheria yakataza mwajiri kumpa mama anayenyonyesha kazi ya kumdhuru yeye au mtoto wake. Lakini ukimuuliza mwenye leseni, atakwambia, mimi sikumwajiri, alikuja mwenyewe. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Mimi nasema mwenye leseni anayechukua fungu katika kila mfuko wa mawe asiruhusiwe kusema hamjui mama anayeyaponda. Na mpaka hapo, mama, usichome wewe. Asichome mtu yeyote karibu na mtoto. Usiache kunyonyesha kwa hofu. Ondoka penye moshi.

Dada mmoja wa hoteli ameniandikia kikaratasi hapa. Anauliza: nikidai saa zangu nikafukuzwa, nifanye nini?

Dada, anza kwa barua, mpelekee mwajiri, ubaki na nakala. Akikataa, nenda kwa afisa kazi. Kukufukuza kwa sababu ya ujauzito au uzazi si sababu halali. Akithubutu, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kufukuzwa. Siku ya 31 utaanza kuomba kusamehewa kuchelewa, na si kila mtu husamehewa. Siku ngapi zimepita kwako? (Akajibu: Kumi na tisa.) Basi usiondoke baada ya mkutano. Tutaiandika barua hiyo leo.