Magego ya Mpwa Wangu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Niliombwa nizungumze juu ya utumishi serikalini. Mniwie radhi, nitazungumza juu ya meno ya mtoto. Kazi ya ofisini mnaijua. Ni mafaili, na mafaili hayaui mtu upesi.

Mwaka 2016 dada yangu, anayekaa kando ya Ziwa Viktoria, alinipigia simu kwamba mwanawe wa miaka 6 magego yamelegea. Nilimjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma Chuo Kikuu kuwa huo ndio umri wa kung'oka meno. Nilikosea. Yanayong'oka umri huo ni ya mbele. Magego ya utotoni hukaa hata mtoto afikie miaka 9 na zaidi. Basi aling'olewa magego mawili, na kidonda kisifunge. Baada ya wiki mbili shavu lilikuwa limejaa kama la mtu atafunaye muwa, na jicho la upande ule limeanza kutokeza. Wengine walisema ni jipu, wengine walisema ametupiwa jambo. Mimi nilikuwa ningali nikisema ni jino.

Ilikuwa saratani, na saratani hiyo ina historia yake papa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuelewa. Muda si mrefu akamwona mwingine wa namna hiyo huko Jinja, akampapasa tumbo, akakuta na humo mna uvimbe. Ndipo alipoanza kutambua kuwa ya tayani na ya tumboni ni maradhi mamoja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali, kuelekea kusini mwa Afrika, wakaona kuwa ugonjwa hufuata joto na mvua, na kwenye nyanda za juu zenye baridi ni nadra. Yaani hufuata nchi za malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, huko London, walitangaza kuwa wameona virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Virusi hivyo wengi wetu tunavyo tangu utotoni bila kudhurika. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayovifungulia mlango.

Wodini nilishangazwa na sura zake nyingi. Mtoto mmoja tumbo lilivimba, kwao wakadhani ni bandama. Mwingine aliamka miguu imelegea, kumbe uvimbe umebana uti wa mgongo. Nao huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Pimeni wenyewe zile wiki mbili za usomi wangu.

Mpwa wangu alikatwa kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya maabara. Uvimbe wenyewe hautibiwi kwa kisu bali kwa dawa za mshipani, siklofosfamidi ikiwa mojawapo, na nyingine huchomwa mgongoni ili ugonjwa usikimbilie ubongo. Lakini kabla ya dawa walimjaza maji ya dripu, wakampa dada chupa ya kupimia mkojo. Nikauliza sababu. Daktari akanieleza kuwa uvimbe huu ukifa hufa kwa wingi mara moja, na mabaki yake humwagika damuni. Figo zikizidiwa huziba. Potasiamu ikipanda, moyo huweza kusimama. Hatari, basi, huja pale dawa inapofanya kazi vizuri.

Usiku wa pili dada aliinua chupa kwenye taa akaniambia, "Kaka, mbona ni vijiko viwili tu?" Daktari aliitwa, tukakesha. Saa 12 asubuhi chupa ilijaa nusu. Nimepandishwa cheo mara tatu katika utumishi wangu, na sijapata kufurahi namna ile.

Siku ya tano shavu lilinywea. Kitanda cha pili palikuwa na mvuvi na mwanawe, na uso wa huyo nao ulikuwa umerudi. Baba akaaga. Nauli ya kuja tena hakuwa nayo, nyavu alikuwa ameziacha, na nyumbani kuna wengine wanaokula. Muuguzi alimsihi, mimi nilimpa mkono wa kwaheri. Baada ya miezi miwili alirudi amembeba mtoto mgongoni, miguu haisogei. Mtoto yule hakupona. Nauli iliyokosekana siku ile nilikuwa nayo mfukoni.

Shirika la Afya Duniani limesema kuwa katika nchi tajiri watoto zaidi ya 8 kati ya 10 wenye saratani hupona, na katika nchi maskini hawafiki 3. Kuchelewa ni sababu moja. Kuondoka kabla ya kumaliza dawa ni nyingine.

Mpwa wangu sasa yuko sekondari. Ana pengo, na huniita Mjomba Magego mbele ya wageni.

Ndugu Mwenyekiti, namwomba Mweka Hazina aliingize hili katika ajenda ya mchana: nauli ya kwenda na kurudi kwa mtoto na mzazi mmoja, mpaka dawa ziishe. Bahasha iliyo mezani kwake ni yangu.