Kiboko: Mnyama, Mjeledi na Hesabu



Kule Vitshumbi, ukingoni mwa Ziwa Edward, mvuvi akisikia kiboko anamfikiria mnyama. Mzee aliyekulia chini ya Wabelgiji anafikiria pia mgongo wake. Ngozi mbichi ya mnyama huyo ilikaushwa juani, ikakatwa ukanda mrefu wenye kingo kali, na ukanda ukachukua jina lake. Wabelgiji waliuita chicotte, neno la Kireno. Wazee wetu walisema kiboko, au fimbo tu. Hapo ng'ambo ya Goma yetu, Gisenyi nchini Rwanda, wanasema ikiboko.

Gisenyi ilikuwa ya Wajerumani hadi 1916, na katika koloni lao adhabu hiyo ilipata jina la namba: hamsa ishirini. Amri yao ya 1896 ilisema mtu asipigwe zaidi ya viboko 25 kwa mara moja.

Upande wetu wa Kongo nako Wabelgiji walihesabu. Kikomo kilishushwa hadi viboko 8 mwaka 1933, vikawa 4 mwaka 1951, kisha adhabu ikafutwa 1959, uhuru ukiwa mlangoni. Wako wanaosoma tarehe hizi kama habari ya huruma iliyokuwa ikikua. Sikubali. Naona serikali iliyobishana miaka na miaka juu ya idadi, huku mtu mzima akilazwa kifudifudi, makalio wazi, wenzake wamepangwa watazame. Adhabu ile ilikuwa yao pia. Mtoto aliyemwona baba yake amelala pale alijifunza nani mwenye nchi, na hakuna daftari lililoandika pigo hilo.

Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya stahili ya kiraia kwa Wakongo wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, na mwenye kadi hapigwi. Tazameni maana yake: kutochapwa kuligeuzwa kuwa cheo, na ngozi ya jirani asiye na kadi ikabaki halali.

Miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora tukio la kuchapwa tena na tena: mfungwa chini, askari mweusi ameinua mjeledi, Mzungu amesimama anaangalia. Watu walinunua picha hizo wakazitundika sebuleni, wageni wazione.

Leo mchezaji hodari husifiwa: "Huyo ni kiboko!" Sina ugomvi na vijana kwa hilo, lugha ina haki ya kunyang'anya silaha. Ugomvi wangu ni na fimbo yenyewe, ambayo bado iko darasani, bado iko jela, bado iko mkononi mwa mwenye bunduki, na bado tunasikia watu wakiitetea eti ni mila ya mababu. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya 2006 inakataza kumtendea mtu yeyote ukatili au kumdhalilisha. Walimu mlio hapa, nawaomba: kesho asubuhi fimbo iacheni nyumbani.