Ukuta Uliopakwa kwa Mikono Mingi

 

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mji huu wa Bujumbura waijua gharama ya ufa usiozibwa. Baada ya Oktoba 1993 jirani alimwogopa jirani, na mitaa mingi ikagawanyika kwa kabila. Mapatano ya Arusha hayakutiwa sahihi ila tarehe 28 Agosti 2000. Kwa hiyo habari ya kuta za Kibera, katika mji wa Nairobi, yafaa isikilizwe hapa.

Kibera ni mtaa wa makabila mengi, kama Buyenzi. Uchaguzi wa 27 Desemba 2007 ulipozusha fitina, nyumba zilichomwa, hata reli ipitayo mtaani ikang'olewa. Na katika Kenya nzima watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha. Siku hizo hizo mchoraji wa Kibera, Solomon Muyundo, aitwaye Solo 7, aliandika kwenye kuta, malango na barabara maneno ya kuwataka watu waihifadhi amani. Hakuwa na askari wala cheo. Alikuwa na kopo la rangi.

Uchaguzi wa 4 Machi 2013 ulipokaribia, watu hawakungoja kuona moshi. Vijana wa makabila mbalimbali, pamoja na mchoraji wa Kimarekani Joel Bergner, walipaka kuta za Kibera picha za umoja. Mabehewa ya gari moshi nayo yakapakwa maneno ya amani, yakapita juu ya reli ile ile iliyong'olewa zamani.

Huenda mtu akauliza hukumu ya sura za viumbe. Jambo hilo lina wanavyuoni wake. Maandishi na nakshi hayana ubishi. Wala faida ya kuta zile haikuwa katika rangi, bali katika mikono. Kijana aliyeshika brashi pamoja na mwana wa jirani atasita kuitia moto nyumba ya jirani huyo.

Lakini rangi peke yake haitoshi. Wanubi, Waislamu walioishi Kibera tangu mwanzo wa karne ya 20, walihesabiwa wageni kwa muda mrefu. Hata mwaka 2017 ndipo walipopewa hati ya ekari 288. Maana mtu huwa mwenyeji kwa mambo mawili: jirani amkubali, na serikali imwandike. Mswahili wa Buyenzi aliyeulizwa "kwenu wapi?" ilhali amezaliwa hapa, aelewa vema maneno haya.

Basi, enyi ndugu, ukuta wa shule au wa soko ukihitaji chokaa, na waitwe watoto wa kila nyumba, Waislamu na Wakristo, Wahutu, Watutsi, Watwa na Waswahili, wapake pamoja. Ufa huzibwa siku ya jua, si siku ya mvua.