Mwili Unaojengwa Haupigwi Picha Ovyo

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tumezoea kuitumia katika malezi. Leo naitumia kwa mionzi, ile inayopita mwilini tunapopigwa picha ya eksirei.

Juzi nilikuwa katika zahanati moja huko Temeke. Mama mmoja aliitwa chumba cha picha amshike mwanawe mchanga, atulie. Hakuna aliyemuuliza kama ni mjamzito, wala hakupewa aproni ya risasi ya kujikinga. Alipotoka nilimdadisi. Akanijibu, "Si picha tu, kaka?"

Hapana, si picha tu. Tuanze na jambo lililofanyika hapa kwetu. Kati ya mwaka 1994 na 1997, madume ya mbung'o zaidi ya milioni 8 yaliyozalishwa Tanga yalipigwa mionzi, kisha yakaachiwa kutoka angani juu ya kisiwa cha Unguja. Yaliruka vizuri, yakapandana na majike, lakini kizazi hakikupatikana. Mbung'o wakatoweka kisiwani.

Kwa nini mabawa yalibaki mazima na uzazi ukafa? Wafaransa wawili, Bergonié na Tribondeau, walikwisha kulieleza hilo mwaka 1906: mionzi hudhuru zaidi seli zinazojigawanya kwa kasi.

Sasa mtoto, awe wa mtu au wa mnyama, mwili wake wote uko katika kujengwa. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kilianza katika miaka ya 1960 kuwachunguza mbwa 1,680 wa aina ya beagle. Wengine walipigwa mionzi wangali tumboni, wengine siku ya pili ya kuzaliwa, wengine walipotimiza mwaka.

Figo ndizo zilizotoa funzo. Mbwa huzaliwa figo zake hazijakamilika. Vichujio huendelea kuundwa kwa wiki mbili hivi. Mionzi mikali ikimkuta wakati huo, vichujio hupungua, na vile vilivyobaki hubeba kazi ya vyote mpaka vinachoka. Mtoto wa mbwa anacheza, anakula, anaonekana mzima, kumbe deni liko ndani. Binadamu vichujio vyake huundwa angali tumboni mwa mama.

Ni kweli, picha moja ya kifua ina mionzi kidogo sana ukilinganisha na waliyopewa mbwa hao. Lakini mwaka 1958 Daktari Alice Stewart wa Oxford, Uingereza, alionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipigwa picha ya tumbo wakiwa wajawazito walikufa kwa saratani utotoni karibu mara mbili ya wenzao.

Sisemi mkatae picha. Kifua kikuu au mfupa uliovunjika hauchunguzwi kwa kubahatisha. Na kipimo cha ultrasaundi wajawazito msikiogope, kinatumia sauti, si mionzi. Ninachosema ni kwamba mama aseme mapema kama ana mimba au anashuku, aulize kama picha ni ya lazima, na anayemshika mtoto adai aproni.

Nchi hii ina sheria ya kujikinga na mionzi tangu mwaka 1983, na Tume ya Nguvu za Atomiki hukagua mashine hizi. Lakini mkaguzi hasimami mlangoni kila siku. Mlangoni tunasimama sisi, na kuuliza si ujinga.

Mama yule wa Temeke alistahili kuulizwa swali moja tu kabla ya mlango kufungwa.